Harusi ya usiku mmoja ilivyoua twita za marehemu baba

MAMA ndiye aliyegundua kwanza. Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya harusi ya mpwa wangu, hapa Buyenzi, Bujumbura. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote akisikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili ya redio ya taifa, mara akaniita.

"Mwanangu, huyu mtangazaji leo ana nini? Anasema kama mtu aliyejaza ugali mdomoni."

Nikasogea. Sauti ilikuwapo, tena nene, lakini maneno yalikuwa kama yamefunikwa blanketi. "S" na "sh" hazikutofautiana, "f" ilikuwa haipo kabisa. Kwangu mimi huo ulikuwa usumbufu tu. Kwa Mama, ambaye macho yake hayasomi tena gazeti, redio ndiyo dunia nzima.

Spika hizo aliziacha marehemu baba. Alizinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wakati wa vita vilivyoanza 1993, jioni ambazo kila mtu alijifungia ndani mapema, ndizo zilizotuletea habari. Zimepita katika yote hayo bila jeraha. Zikaja kuumia harusini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua sanduku la spika, mara nyingi ndani yake mna spika mbili. Ile kubwa, wufa, inatoa besi na sehemu kubwa ya sauti ya mtu. Ile ndogo ya juu, twita, inatoa sauti nyembamba: matoazi, vijembe vya gitaa, na zile herufi za kufoka kama "s", ambazo nguvu yake iko kwenye mitetemo ya 4,000 hadi 8,000 hivi kwa sekunde. Twita ikifa, muziki bado unachezeka na wengi hawashtuki. Anayeshtuka ni yule anayesikiliza maneno.

Kilichonishangaza ni hesabu. Nyuma ya spika za baba pameandikwa wati 80. Amplifaya tuliyotumia harusini ilikuwa ya kuazima, wati 25 tu. Kitu cha wati 25 kinaunguzaje kitu cha wati 80?

Niliibeba spika moja begani hadi kwa fundi, mzee mmoja ambaye alikuwa na kibanda chake katika soko kuu la Bujumbura hadi lilipoungua Januari 27, 2013, na sasa anafanyia kazi barazani kwake. Alifungua skrubu nne, akaichomoa twita, akaninusisha. Ilinuka kama waya ulioungua. Ndani yake mlikuwa na koili ndogo, waya mwembamba kama unywele uliozungushwa kwenye kikopo cha milimita 25. Sehemu moja ilikuwa nyeusi, na waya umekatika.

"Ndugu yangu," akaniambia, "twita haiuawi na amplifaya kubwa. Inauawa na ndogo inayolazimishwa kuwa kubwa."

Hapa fundi alitia chumvi kidogo, maana kubwa nayo inaua ukiifungulia bila huruma. Lakini maelezo yake yalinifumbua macho, na nayaandika kwa sababu sidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa gizani.

Kwanza, zile wati 80 ni za sanduku zima, tena zimepimwa kwa kudhani unapiga muziki wa kawaida. Katika muziki wa kawaida nguvu nyingi inakwenda kwenye besi. Twita yenyewe hupata makombo, na koili ya namna ile haistahimili zaidi ya wati chache mfululizo. Ni waya mwembamba uliobanwa kwenye mwanya finyu wa sumaku, joto halina pa kukimbilia.

Pili, kila amplifaya ina dari. Ukiongeza sauti hadi umeme wake ukafika darini, mawimbi hayawezi kupanda tena, vichwa vyake vinakatwa bapa. Kukatwa huko kunazaa mitetemo mipya ya juu ambayo mwimbaji hakuiimba, na yote inateremkia kwenye twita. Halafu kuna jambo baya zaidi: besi ikishagonga dari haiongezeki, lakini sauti nyembamba bado zina nafasi ya kupanda, nawe unaendelea kuzungusha kitufe. Makombo yanageuka sahani nzima.

Masikio yanalijua hilo kabla ya moshi. Sauti inaanza kukwaruza, waimbaji wanakuwa na ukali wa bati. Harusini nilisikia vizuri sana mkwaruzo ule. Nikadhani ni santuri mbovu, nikaenda zangu kula pilau.

Tatu, na hapa ndipo penye habari ya mji wetu, fundi aliniuliza saa ngapi ilianza kukwaruza. Nikamwambia baada ya magharibi, taa zilipoanza kuwa za njano. Akacheka. Akachukua mita yake, tukasubiri jioni, akaichomeka ukutani: volti 180, badala ya 220.

Umeme ukishuka, dari ya amplifaya yenye transfoma ya kawaida inashuka nayo. Volti zimepungua chini ya sehemu moja ya tano, lakini nguvu hupungua kwa mraba wake, yaani karibu theluthi moja. Wati zetu 25 zilikuwa zimebaki kama 17, na ukumbi ulikuwa unazidi kujaa watu. Kijana aliyekuwa akipiga muziki aliona sauti imefifia, akaongeza. Tena akaongeza kitufe cha trebo hadi mwisho ili maneno yasikike. Ukipandisha trebo kwa desibeli 10 unaipelekea twita nguvu mara kumi. Mara kumi! Mimi nilidhani ni pilipili tu ya kuongeza ladha.

Baadaye usiku akaja mshereheshaji na maikrofoni yake, ikalia ule mlio wa "wiii" mara tatu au nne. Mlio ule ni noti moja, ya juu, isiyopumzika, ikielekea twita peke yake kwa nguvu yote iliyopo. Fundi anaamini ndio uliomaliza kazi. Mimi nadhani ilikuwa imeshakufa wakati wa pilau.

Lazima nikiri kosa jingine, la zamani. Miaka iliyopita twita ya upande wa pili iliwahi kuharibika, na fundi mmoja ambaye simtaji alifunga mpya moja kwa moja kwenye waya wa wufa. Haikumaliza siku. Kati ya amplifaya na twita lazima pawe na kapasita, mlinzi wa mlango anayezuia besi isiingie. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 4.7 huanza kufungua mlango kwenye mitetemo ya 4,200 hivi. Iwe ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Za zamani zenye majimaji ndani hukauka kwa miaka, kwa hiyo safari hii zangu zote mbili zilibadilishwa hata kama zilionekana nzima.

Twita mpya zilipatikana, za omu zile zile. Omu peke yake hazitoshi: kuna twita zinazopiga kelele kuliko nyingine kwa nguvu ile ile, na ukikosea wufa itamezwa. Zangu zilizidi kidogo, fundi akazipunguza kwa kizuizi cha umeme. Kisha akatia kwenye njia ya kila twita fyuzi ndogo ya haraka ya nusu ampea. Ikikatika, nanunua nyingine kwa bei ya karanga.

Ukitaka kujua hali ya twita zako leo, punguza sauti kabisa, viringisha gazeti hili liwe bomba, weka ncha moja kwenye twita na nyingine sikioni. Ukisikia kimya, kuna jambo. Mwenye mita apime baada ya kuitenganisha na nyaya: twita nzima ya omu 8 husoma kama 6, iliyokatika haisomi kitu. Watoto nao wasiachiwe ile kuba laini ya kitambaa. Vidole vinaipenda mno.

Siku hizi umeme ukikatika naenda kuizima amplifaya na kurudisha kitufe sifuri, sisubiri urudi ukute kila kitu kimefunguliwa. Nyaya sizichomi wala kuzichomoa ikiwa inawaka. Besi na trebo zipo katikati. Kwenye kitufe cha sauti nimepiga alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, mahali mkwaruzo unapoanzia umeme ukiwa mzuri, na nyingine chini yake, kwa ajili ya jioni.

Wiki iliyopita jirani alikuja kuazima spika kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Kabla sijafungua kinywa, Mama akajibu kutoka ndani: "Mwambie achukue, lakini amplifaya atafute kubwa. Na hiyo fyuzi asiifunge kwa karatasi ya sigara."