Mji Usio Kwenye Ramani: Jinsi Igizo la Makundi Linavyofundisha Amani

Kila tunapotuma taarifa ya semina za amani, swali moja hurudi kutoka kwa wafadhili na hata kwa baadhi ya wanakamati: kwa nini watu wazima washinde ukumbini mwa parokia wakigombania mji ambao haupo? Swali hilo ni la haki, kwa maana fedha za semina ni sadaka za watu. Katika toleo hili tunaeleza igizo hilo ni nini, linaendeshwaje na lina mipaka gani.

Kwa nini mji wa kubuni?

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mwaka huohuo Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa.

Kamati ya parokia inayotaka kuzungumzia mambo haya hukutana na ugumu mmoja. Ukitaja shamba fulani au kabila fulani, nusu ya watu hunyamaza na nusu nyingine huanza kutetea watu wao. Mji wa kubuni huondoa kizuizi hicho. Nabii Nathani alitumia njia hiyo kwa mfalme Daudi (2 Samweli 12). Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na Daudi akatoa hukumu kali kabla ya kutambua kwamba kesi ilikuwa yake.

Igizo linavyoendeshwa

Washiriki 24 hugawanywa katika makundi manne ya watu sita, wakichanganywa kwa makusudi: wazee na vijana, wanawake na wanaume, wenyeji na waliohamia. Mji wao una mto mmoja, soko moja na daraja bovu. Kundi la kwanza ni wakulima wa bondeni, la pili wafanyabiashara wa sokoni, la tatu watu waliotoka ng'ambo ya mto, na la nne vijana wanaokaa darajani. Kila kundi hupewa karatasi yenye historia yake, mahitaji yake na jambo moja ambalo halitaki wengine walijue.

Kila kundi huanza na punje 40 za maharagwe, ambazo ndizo mali yake. Igizo lina raundi tano, na kila raundi ni mwaka mmoja. Katika kila raundi kundi huamua kujadiliana, kufanya biashara, kuweka walinzi au kushambulia. Ulinzi hugharimu punje 2. Vita hugharimu punje 5 kwa kila upande, awe mshindi au mshindwa. Kutengeneza daraja ni punje 30, na hakuna kundi linalopenda kutoa peke yake.

Katika raundi ya pili mwezeshaji hupeleka kikaratasi chenye uvumi kwa kundi moja tu. Hapo washiriki hujionea jinsi neno lisilo na mwenyewe linavyozunguka ukumbini na kurudi likiwa limeota pembe. Baada ya raundi ya tatu makundi hubadilishana karatasi. Aliyekuwa akiwashutumu watu wa ng'ambo sasa lazima awatetee, na anasoma kwa mara ya kwanza walichokuwa wakikihofia.

Kanuni ni tatu: hakuna kutaja kabila, chama wala dhehebu, hakuna kugusana, na yeyote akiinua mkono, igizo linasimama.

Somo liko kwenye tafakari

Saa moja ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Kwanza kila mtu hutaja jina lake halisi na kuacha nafasi aliyoigiza. Kisha maharagwe huhesabiwa. Ikiwa makundi yote manne yaliweka walinzi kwa raundi zote tano, punje 40 zimekwenda kwa ulinzi pekee, yaani robo ya mali yote ya mji, na hapo hatujahesabu vita. Daraja la punje 30 lingejengwa na chenji ikabaki. Ndipo mwezeshaji huuliza: katika kijiji chetu, daraja letu ni lipi? Ni nani hatujawahi kusoma karatasi yake?

Je, hadithi ya kubuni hubadilisha watu kweli? Nchini Rwanda, mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004, ukisimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania ardhi yenye rutuba. Utafiti wa Elizabeth Levy Paluck, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni mtazamo wao kuhusu mambo yanayokubalika katika jamii, pamoja na mwenendo wao: walielekea zaidi kujadiliana wazi na kuamua mambo kwa pamoja. Kwa kamati ya parokia, hilo si jambo dogo.

Mipaka yake

Igizo haligawi hati za ardhi, halilipi fidia, wala halichukui nafasi ya mahakama. Lisifanywe mahali ambapo damu ingali mbichi. Hapo kazi ya kwanza ni kuwafariji na kuwahifadhi watu. Lisiendeshwe na mtu asiyefunzwa. Na likifanywa na watu wa upande mmoja tu, litawaongezea kiburi badala ya amani.

Ombi letu

Kwa kamati: mahitaji ni ukumbi, karatasi, kilo moja ya maharagwe na chakula cha mchana. Chagueni washiriki kutoka jumuiya zisizosalimiana, si marafiki wa kamati.

Kwa wafadhili: mtaona katika bajeti kwamba nauli ndiyo fungu kubwa. Bila nauli, watu wa ng'ambo ya mto hawafiki, na mazungumzo yanabaki ya upande mmoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Tarehe hiyo inajulikana mapema, na maandalizi ya amani nayo yaanze mapema. Heri wapatanishi wanaoanza kazi kabla moshi haujaonekana. Mungu awabariki.