Onyo la filamu si sheria yote

MAANDISHI ya kukataza kunakili au kuonyesha filamu bila idhini hutangulia kanda na diski nyingi, lakini mara nyingi huacha kumweleza mtazamaji yale ambayo sheria inamruhusu.

Kwa mkazi wa Runazi wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, sawa na wa Dar es Salaam, kinachomfunga ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, wala si maneno ya msambazaji.

Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinaruhusu, bila idhini ya mwenye kazi, kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi binafsi pekee, kunukuu sehemu yake kwa kutaja chanzo, na kuitumia kama mfano katika ufundishaji, mradi kiasi kisizidi mahitaji.

Kwa msingi huo, mwandishi anayehakiki filamu anaweza kunukuu maneno ya mhusika, ingawa onyo linasema hakuna sehemu yoyote inayoruhusiwa kutumika.

Malalamiko ya aina hii yaliwahi kufikishwa mbele ya vyombo vya dola nchini Marekani. Agosti 2007, chama cha kampuni za kompyuta na mawasiliano, CCIA, kilizishitaki kwa Tume ya Biashara ya nchi hiyo kampuni kadhaa, zikiwamo NBC Universal, DreamWorks na Morgan Creek, kikidai maonyo yao yanapotosha haki za mlaji. Tume haikuzichukulia hatua.

Hata hivyo, ruhusa hizo si kinga kwa mharamia. Mwenye kibanda cha video anayetoza kiingilio, au anayerudufu diski ili auze, anahitaji kibali cha mwenye haki. Filamu za kigeni nazo zinalindwa, kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994.

Hasara ya uharamia humwangukia msanii, na ndiyo sababu mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili nakala halali zitambulike.

Lakini onyo linalokataza kila kitu humtisha mwalimu asiye na kosa, huku mharamia akilipuuza. Onyo la haki hutaja kosa lenyewe: kuuza, kukodisha na kuonyesha hadharani bila kibali.