Nyama ya kifua inavyoziba shavu la mtoto

Kuna ugonjwa wa watoto unaoitwa noma. Si ile noma ya vijiweni. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kula kwa pupa, na ndivyo unavyofanya. Fizi zinavuja damu na kunuka, baada ya siku chache shavu linavimba, kisha ngozi inakuwa nyeusi na kutoboka. Huwapata hasa watoto wadogo wenye utapiamlo, mara nyingi waliotoka kuugua surua au malaria. Shirika la Afya Duniani, lililouingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023, linasema wasipotibiwa hufariki takriban 9 kati ya 10.

Anayepona hubaki na tundu: mate yanamwagika, chakula kinatoka, taya halifunguki vizuri.

Njia mojawapo ya kuliziba ni msuli mkubwa wa kifua. Daktari hukata kipande cha msuli pamoja na ngozi yake, ila mshipa wa damu unaokilisha, unaopita chini ya mtulinga, haukatwi. Kipande hugeuzwa juu, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo na kushonwa shavuni. Kwa kuwa kimekuja na damu yake, kinaishi hata palipojaa makovu. Daktari Stephan Ariyan wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1979, na hutumika zaidi kwa watu wazima waliotolewa saratani ya kinywa. Haihitaji hadubini ya kuunganisha vimishipa, faida kubwa kwa hospitali zetu.

Mzazi, uliza kabla ya kutia saini. Rangi ya kifua hailingani na ya uso, na shavu litakuwa nene miezi ya mwanzo. Mvulana akibalehe, nywele za kifua zinaweza kuota shavuni. Kwa msichana, kuchukua ngozi hapo kunaweza kuharibu umbo la titi, hivyo ulizia kama nyama inaweza kutoka sehemu nyingine. Wala upasuaji haufanywi haraka: kidonda kipone kwanza, mtoto anenepe, miezi mingi ipite.

Kutoka Malangali hapa Sumbawanga, hata kufika Mbeya tu ni zaidi ya kilomita 300, na Muhimbili ni mbali zaidi. Mkoa wetu wa Rukwa unavuna mahindi mengi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ugali mtupu haumtoshi mtoto; weka maharage, dagaa, karanga. Chanjo ya surua ni miezi 9 na 18, zote mbili.

Na umzoeze kufungua mdomo umwangalie. Ukiona fizi zinavuja damu na zinanuka, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Katika hatua hiyo dawa za kuua bakteria, kusafisha kinywa na chakula kizuri huweza kuuzuia ugonjwa kabla haujafika shavuni.