Mchovu haiko mvivu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu wa nyumbani: tarehe 25 Juni 2020 serikali ilitangaza kwamba Ebola ya huku kwetu, Beni, Butembo na Lubero, imeisha. Watu 2.287 walikufa. Zaidi ya 1.100 walipona. Lakini kupona na kurudia nguvu ni mambo mawili.

Aliyepona anarudi kwenye shimo, anabeba mfuko mmoja tu, magoti yanalegea. Wenzake wa ekipe wanasema: "Huyu anakula bure." Hapana. Waganga walifuata waliopona kule Liberia, wakatoa matokeo mwaka 2019: katika watu 100, kama 18 walilalamika uchovu, katika watu wa karibu yao ambao hawakuugua, 6 tu. Karibu nusu ya waliopona waliumwa viungo. Basi ni ugonjwa, haiko uvivu wala uchawi.

Tufanye nini? Ekipe imupatie kazi ya juu: kuhesabu mifuko, kuchunga vyombo. Apumzike mbele nguvu haijaisha, maana akijikaza leo, kesho anaweza kushindwa kuamka. Fimbo haiko haya. Kwenye milima yetu kiti cha magurudumu hakipandi, kwa hiyo tuchange franga za pikipiki afike kwa munganga, aangaliwe na macho pia, kwani Ebola inaweza kuyaharibu hata nyuma ya kupona.

Na jioni, tukigawa mchanga, sehemu yake iwepo.