Safari ya Kidepo: Kwa nini mto mkavu ni hatari kwa msafiri?

Msafiri anayeondoka Mpumudde, pembezoni mwa mji wa Jinja, akiwa na gari lililobeba hema, jiko na magodoro, huteleza juu ya lami hadi Mbale bila taabu. Mtihani humngoja kaskazini, ng'ambo ya Moroto na Kotido, kwenye njia za vumbi zielekeazo Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, katika eneo kame la Karamoja.

Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1962, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,442 na inapakana na Sudan Kusini. Ina mabonde mawili: la Narus, ambako maji hubaki hata wakati wa kiangazi, na la Kidepo, ambalo mto wake huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mchanga hulikwamishaje gari?

Chembe za mchanga mkavu hazishikamani. Tairi lililojaa upepo huzigusa kwa eneo dogo, na uzito wa mizigo hulididimiza. Ndiyo maana madereva wazoefu hupunguza upepo: tairi hutanuka na uzito husambaa. Hata hivyo, upepo hurudishwa kwa pampu kabla ya mwendo kuongezeka, kwani tairi legevu hupata joto na huweza kupasuka. Gari likikwama, kukanyaga mafuta zaidi huzidi kulizika; koleo ndiyo msaada.

Udongo mweusi nao?

Bonde la Kidepo lina udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukinyeshewa hufura na kunata, ukaziba meno ya tairi. Hapo hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne huteleza, na mara nyingi busara ni kusubiri jua liikaushe njia.

Hatari isiyoonekana

Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kushuka kwa ghafla kwenye mto uliokuwa mkavu, ingawa juu ya kambi anga ni jeupe. Kwa hiyo mchanga wa mto, ijapokuwa ni laini na tambarare, si mahali pa kutandika hema. Maji yakianza kupita, hakuna dereva awezaye kuona kina chake wala shimo lililo chini.

Miezi ya Desemba hadi Machi ndiyo mikavu zaidi, na wanyama hukusanyika Narus kutafuta maji. Mvua zinapoanza, kwa kawaida Aprili, ni vyema kuwauliza askari wa hifadhi kuhusu hali ya njia kabla ya kuondoka. Kuendesha nje ya njia zilizowekwa hakuruhusiwi hifadhini: magurudumu huharibu nyasi, na gari lililokwama mbali na njia huchelewa kuonekana. Kwa sababu hiyo, maji ya kunywa ya siku za ziada hupakiwa kabla ya mizigo mingine yote.