Sakafu ya Nje Haivunjwi na Baridi Peke Yake

Ndugu zetu walioko Canada na Marekani wana moyo wa kusaidia. Mtu akisikia kaka yake wa Butembo anataka kumwaga zege mbele ya nyumba, gari lipate pa kuingilia bila kuzama kwenye tope, hapo hapo anamtumia video ya fundi wa kule akieleza jinsi ya kujenga njia ya gari itakayodumu. Fundi anasisitiza kwamba zege litiwe dawa ya kuingiza hewa na mwenye nyumba asithubutu kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu juu yake msimu wa kwanza wa theluji. Kaka anaanza kuulizia dawa ya hewa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini, tena yuko tayari kutoa dola.

Asijisumbue. Fundi wa kule anasema kweli, ila anapigana na adui asiyefika kwetu. Zege hata likikauka vipi lina vijitundu vidogo visivyoonekana, na maji huingia humo. Maji yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9. Yakikosa pa kwenda, husukuma kuta za vijitundu. Usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, na mchezo huo ukirudiwa mara nyingi katika msimu mmoja wa baridi, uso wa sakafu hubanduka magamba. Katika miaka ya 1930 Wamarekani waligundua kwamba baadhi ya barabara zao zilistahimili baridi kuliko nyingine, na sababu ikaonekana kuwa mafuta ya wanyama yaliyotumika kiwandani wakati wa kusaga simenti. Mafuta yale yaliacha viputo vidogo sana ndani ya zege, na barafu ikapata nafasi ya kutanukia. Tangu hapo sakafu za nje katika nchi za baridi hutiwa hewa kwa makusudi, kati ya asilimia 5 na 8 ya ujazo wa zege.

Kyavinyonge iko kando ya Ziwa Edward, mita mia tisa na kitu juu ya usawa wa bahari, jirani kabisa na mstari wa ikweta. Butembo iko juu zaidi, mita elfu moja na mia saba na ushei, watu huvaa makoti jioni, lakini maji hayagandi barabarani. Barafu iliyo karibu nasi ni ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafikia mita 5,109, na sijasikia mtu anayetaka kuegesha gari huko.

Hata hivyo sakafu zetu zinapasuka, zinatoa vumbi, zinazama upande mmoja, wakati mwingine kabla mwenye nyumba hajamaliza deni la simenti. Adui ni yule yule, maji, ila kwetu hayahitaji kuganda. Yanafanya kazi yake tangu siku ya kuchanganya.

Mwaka 1918, huko Chicago, mhandisi Duff Abrams alitangaza matokeo ya majaribio mengi ambayo kila fundi mwashi angepaswa kuyajua kwa moyo: nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji kwa simenti. Maji yakizidi, nguvu inashuka. Simenti huhitaji sehemu ndogo tu ya maji ili igeuke jiwe. Yanayobaki yanakauka na kuacha matundu. Kwa sakafu ya nje, mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 25. Ukifika lita 35, umepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu uliyoilipia.

Lita 25 ni bidoni moja na robo. Lakini angalia mchanga wenyewe. Mchanga uliolala nje msimu wa mvua umeshakunywa. Kwa kipimo cha mfuko mmoja tunachanganya takriban kilo 100 za mchanga, na ukiwa umelowa kidogo tu unabeba lita 5 hivi. Kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 inatosha, robo ile imeshaingia yenyewe. Sasa simama karibu na vijana wanaochanganya kwa chepeo saa saba mchana. Lundo ni gumu, mikono inauma, msimamizi ameenda kula. Ndoo moja ya ziada na zege linateremka lenyewe kama uji. Hapo ndipo sakafu nyingi zinapofia, na hakuna atakayeiona ndoo hiyo baada ya uso kusuguliwa kwa mwiko na kung'aa.

Kipimo cha bruweti nacho kina hesabu yake. Fundi anakuambia anachanganya moja kwa mbili kwa tatu, jambo zuri kabisa. Ukimtazama, anamwaga mfuko mmoja wa simenti, bruweti mbili za mchanga, tatu za kokoto. Mfuko una lita 35 hivi. Bruweti iliyojaa ina lita 60 au zaidi. Kumbe ni moja kwa tatu na nusu kwa tano! Hakudanganya kwa nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Dawa yake ni sanduku la mbao lisilo na tako, sentimita 35 kwa 35, kimo sentimita 28 na nusu. Likijaa, ni mfuko mmoja sawasawa. Kwa kipimo hicho cha haki, njia ya gari ya mita 10 kwa 3 yenye unene wa sentimita 10 itakula mifuko 20 hivi. Mtu akikuahidi kuimaliza kwa 12, mshukuru na umwache aende zake.

Mchanga wa ziwani una mambo mawili. Chembe zake ni ndogo na zinalingana mno, hivyo unadai maji mengi kuliko mchanga wenye chembe za kila ukubwa. Pia umechanganyika na maganda ya konokono wa majini, ambayo ni mepesi na hukatika chini ya mzigo. Uchekeche, au uuchanganye na mchanga mnene wa mtoni. Huko juu Butembo tatizo ni jingine: mchanga wa mabonde umebeba udongo mwekundu. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia mchanga kufikia sentimita 10, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga kama utando. Likizidi milimita 6 hadi 8, uoshe mchanga huo au umrudishie aliyeuleta. Kokoto zinazopondwa kwa nyundo kando ya barabara ni nzuri ikiwa jiwe ni gumu. Kataa zilizo bapa na zile zinazomomonyoka ukizigonga.

Halafu linakuja jua. Uwanda wa ziwa una joto, na mchana kuna upepo. Zege lililomwagwa saa sita hukauka usoni wakati tumboni bado bichi. Ngozi inajivuta, na kabla ya jioni nyufa nyembamba zimeenea uso mzima. Fundi atanyunyiza simenti kavu na kusugua ili kuzificha. Usimruhusu: utando huo ndio unaotoa vumbi baadaye. Mwaga alasiri jua likishalegea, au alfajiri. Lowesha ardhi kwanza ili isinyonye maji ya zege. Uso ukishashika kiasi cha kutoacha alama ya kidole, funika mara moja kwa turubai, magunia mabichi, mchanga uliolowa au majani ya migomba, na uloweshe kwa siku 7. Kule kwenye theluji hufunika zege kwa mablanketi lisigande. Sisi tufunike lisikauke. Zege lililoachwa wazi tangu siku ya kwanza huishia na takriban nusu ya nguvu ambayo lingekuwa nayo. Kando ya ziwa, mahali maji hayana bei, kukosa kulowesha ni uvivu mtupu.

Butembo ina faida na hasara ya ubaridi wake. Zege halikauki haraka, nyufa za ngozi ni chache. Lakini simenti hukomaa polepole panapokuwa baridi, na usiku wa Butembo hushuka chini ya nyuzi 15. Sakafu ambayo Kyavinyonge ingebeba gari dogo baada ya siku 7, Butembo ipe 10. Lori la mchanga au la bia lingoje siku 28 popote ulipo. Na kama kuna shaka kwamba ardhi ya chini imekaa vizuri, unene uwe sentimita 15 pale lori litakapopita.

Ardhi ya chini ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Parseli nyingi za Butembo zimechongwa kwenye miteremko: nusu ya uwanja ni udongo wa asili, nusu ni kifusi kilichosukumwa chini. Sakafu moja inalala juu ya vyote viwili. Mvua za kwanza kifusi kinazama, zege linabaki hewani, gari likipita linakatika pale pale kwenye mpaka. Kifusi kijazwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka liloweshwe kidogo na kushindiliwa kwa gogo mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake weka kokoto zilizoshindiliwa. Sakafu iteremke angalau sentimita 2 kwa kila mita, ikielekea mbali na ukuta wa nyumba, na maji yakifika mwisho yakute mfereji, siyo ua wa jirani. Kwenye mteremko mkali, upande wa chini uchimbiwe mguu wa zege unaoingia ardhini ili sakafu isiteleze, na uso upigwe ufagio mgumu, mistari ikikata njia, matairi yapate pa kushika.

Kyavinyonge haina mteremko huo, ina mchanga na mawimbi. Sakafu ya kupokelea samaki ikimalizikia majini, wimbi linachota mchanga chini ya ukingo, na baada ya muda kipande kizima kinaning'inia. Ukingo wa upande wa ziwa ushuke chini zaidi, na mbele yake yapangwe mawe makubwa. Viboko nao wana haki yao ya njia: tukumbuke kwamba kijiji kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mnyama wa zaidi ya tani moja akitoka majini usiku hasomi kibao cha zege bichi. Miiba na vigogo vizungushwe usiku wa kwanza.

Hata zege bora husinyaa na kupasuka. La kuchagua ni kama ufa utapita unapotaka wewe au unapotaka wenyewe. Kwa unene wa sentimita 10, gawa sakafu katika vipande visivyozidi mita 2 na nusu kila upande, mraba kadiri iwezekanavyo. Huna msumeno wa zege? Huuhitaji. Simamisha mbao, mwaga kipande kimoja, ruka kimoja, kesho yake jaza vilivyobaki. Kati ya sakafu na ukuta wa nyumba weka ubao mwembamba au katoni, visishikane.

Atakayesema kwamba bila mashine haiwezekani, asome habari za Bellefontaine, mji mdogo wa Ohio nchini Marekani. Mwaka 1891 George Bartholomew alimwaga huko zege la barabara, la kwanza nchini humo, likachanganywa pale pale na kugawanywa katika miraba ya mita moja na nusu hivi. Wakubwa wa mji walikuwa na wasiwasi, akaweka dhamana ya dola 5,000 kwamba litadumu miaka mitano. Sehemu ya kazi yake ipo mpaka leo, katika mji wenye theluji kila mwaka, na ilifanywa miongo minne kabla ya dawa ya hewa kujulikana.

Kuhusu nondo, maoni yangu hayawafurahishi wauzaji. Kwenye sakafu iliyo juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, kwa gari dogo, nondo si lazima. Hazizuii ufa, zinaushika tu usifunguke, tena ikiwa zimekaa theluthi ya juu ya unene. Ninazoziona mimi zimelazwa chini kwenye udongo, kazi yao kuoza. Na pale samaki wanapotiwa chumvi, nondo ni hatari kabisa: maji ya chumvi yakizifikia zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege toka ndani, sawa na chumvi ya barabarani inavyofanya katika nchi za theluji. Fedha ya nondo nunulia simenti na turubai.

Wewe unayejiandaa kumwaga msimu huu, andika jambo moja kwenye makubaliano na fundi wako: sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa siku ya saba baada ya kumwaga, na sakafu ikutwe imefunikwa na imelowa.