Karatasi ya Nota na Spika ya Katoro

Katika miji ya wachimbaji mkoani Geita, kama Katoro na Nyarugusu, muziki hushindana na ngurumo za makarasha. Duka la simu linapiga Bongo Fleva, jirani anajibu kwa singeli, na bodaboda anapita na wimbo wa Kisukuma wa Bhudagala Mwana Malonja. Jumapili asubuhi, hapo hapo mjini, wanakwaya wameshika karatasi zenye herufi d, r, m, f, s, l, t, na mwalimu anairudisha besi mara ya tatu kwa sababu imeteleza. Anayedhani muziki wa klasiki uko Ulaya tu angeanza kwa kuisikiliza kwaya hiyo.

Neno klasiki lina maana mbili. Kwa maana finyu ni muziki wa takriban mwaka 1750 hadi 1820, enzi ya Haydn, Mozart na Beethoven. Kwa maana pana ni muziki wote wa Ulaya ulioandikwa kwa nota na kurithishwa kwa karne kadhaa. Kwa maana hiyo pana yumo Handel, mtunzi wa ile “Haleluya” ambayo kwaya nyingi nchini huijaribu Krismasi na Pasaka. Ni sehemu ya Messiah, aliyoitunga mwaka 1741.

Kinachoutenga muziki huo na ule wa kizazi kipya au wa dansi si ubora. Ni mahali wimbo unapokaa. Beethoven alifariki mwaka 1827, miaka 50 kabla ya fonografu ya Edison, kwa hiyo kazi yake imebaki kwenye karatasi, na kila okestra hupimwa kwa karatasi hiyo. Mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe yuko kwenye santuri. Anayeurudia wimbo wake leo hulinganishwa na sauti yake na gitaa lake, si na maandishi. Katika Bongo Fleva, biti ya prodyuza ni sehemu ya wimbo kama yalivyo maneno.

Santuri ndiyo iliyoufupisha wimbo pia. Upande mmoja wa zile za zamani ulibeba dakika tatu hivi, wakati bendi zetu za dansi zilizoea kuupeleka wimbo polepole hadi kwenye chemko, kilele cha kucheza, huku ukumbi mzima ukiwa umesimama.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye ujenzi, na mwanakwaya yeyote wa Kahama anaweza kuithibitisha. Simfoni ya 5 ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, inaanza na sauti nne: m m m d. Zinafuata nyingine nne: r r r t, hiyo t ikiwa ya chini. Kutokana na punje hiyo Beethoven anajenga nusu saa ya muziki. Anaipitisha kutoka ala moja hadi nyingine, anaipindua, anaificha, na katika sehemu ya tatu pembe za shaba zinaurudisha mdundo ule ule wa fupi tatu na ndefu moja. Msikilizaji anatakiwa kukumbuka alichosikia mwanzo. Wimbo pendwa una kazi nyingine: kiitikio chake hurudi kilivyo ili watu waimbe pamoja, na kutunga kiitikio ambacho mtaa mzima utakishika kwa siku moja ni ufundi mgumu.

Herufi hizo za solfa zilianzishwa Uingereza na Sarah Glover, kisha John Curwen akazieneza katika karne ya 19 ili watu wasio na kinanda wasome nota. Wamisionari wakazileta Afrika. Ndizo alizotumia Enoch Sontonga kule Afrika Kusini mwaka 1897 kuandika wimbo ambao muziki wake Tanganyika iliuchukua kuwa wimbo wa taifa. Mwanafunzi wa Shinyanga anayeimba “Mungu Ibariki Afrika” anaimba kazi ya mtunzi wa kwaya.

Ngoma za Bagalu na Bagika, makundi ya Wasukuma yanayoshindana kila Juni katika sherehe ya Bulabo kule Bujora, haziingii upande wowote, wa klasiki wala wa wimbo pendwa. Manju, kiongozi wa ngoma, huzirithi kwa kusikia na kuzibadili papo hapo akimjibu mpinzani. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alichapisha kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma, lakini hakuna manju anayelazimika kukifuata. Kuandikwa peke yake hakuufanyi wimbo kuwa klasiki. Ni mpaka mwimbaji akubali kuyatii maandishi.

Basi mwalimu wa kwaya wa Ushirombo au Kahama, kabla ya mazoezi yajayo, aandike m m m d ubaoni, wanakwaya waziimbe, kisha aifungulie simfoni hiyo kwenye simu na kuwaomba besi wahesabu punje hiyo inarudi mara ngapi.